Ute, Hewa na Mtungi: Uchambuzi wa Usalama wa Vifaa vya Jukwaani vya Kurushia Vitu vya Kuchafua

Vifaa vya jukwaani vinavyorusha ute, povu, damu ya bandia au uji wa rangi hujengwa juu ya uamuzi mmoja wa msingi, nao ni kuchagua nguvu itakayokitoa kimiminika kizito mahali kilipohifadhiwa na kukifikisha kwenye nguo, uso au sakafu iliyokusudiwa. Nguvu hiyo yaweza kuwa uzito wa kimiminika chenyewe kinapoachwa kianguke, mkono wa mtu unaosukuma bomba la sindano, pampu ya umeme, au hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi. Njia hizi nne hazilingani kwa hatari, na ile ya mwisho, ambayo wanaoanza kazi huikimbilia kwa sababu kompresa hupatikana kwa kila fundi pancha, ndiyo pekee inayoweka akiba ya nishati ambayo hubaki palepale hata baada ya swichi kuzimwa. Uchambuzi huu unashikilia kwamba usalama wa kifaa cha namna hii huamuliwa kabla vali ya kwanza haijanunuliwa, katika upana wa bomba, katika aina ya ute na katika ujazo wa hewa inayoruhusiwa kukaa ndani yake, na kwamba shinikizo kubwa mara nyingi ni dalili ya kosa lililofanyika mahali pengine.

Historia ya burudani yenyewe inaunga mkono hoja hiyo. Kipindi cha watoto cha You Can't Do That on Television, kilichoanza Ottawa, Kanada, mwaka 1979 na baadaye kuupa umaarufu ute wa kijani kupitia kituo cha Nickelodeon cha Marekani, kilitegemea ndoo iliyomwagwa kutoka juu. Katika filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, mtaalamu wa urembo wa filamu Dick Smith alitumia mipira myembamba iliyofichwa usoni ili rojo la njegere litoke kama matapishi, kazi iliyohitaji kiasi kidogo cha kimiminika kwa umbali mfupi. Mfano wenye mafunzo zaidi ni Bugsy Malone ya mwaka 1976, ambamo majambazi, wote wakiigizwa na watoto, hupigana kwa bunduki za krimu. Majaribio ya awali ya kurusha vidonge vya nta vilivyojazwa krimu yalipokosa kuridhisha, mwongozaji Alan Parker aliamua kwamba bunduki zirushe mipira ya tenisi ya mezani, na picha ikatwe upesi hadi kwa mhusika anayepakwa krimu kwa njia nyingine kabisa, kiasi kwamba mtazamaji huona tukio moja ilhali chombo chenye nguvu na mwili wa mtoto havikukutana kamwe.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Watengenezaji wa filamu wa Wakaliga, Kampala, wanaoongozwa na Isaac Nabwana na kufahamika kwa jina la Wakaliwood, hujaza maji mekundu ndani ya kondomu, huzifunga chini ya shati la mwigizaji, kisha huzipasua kwa kuvuta mshipi wa kuvulia samaki. Hapo awali ilitumika damu ya ng'ombe, ikaachwa baada ya mwigizaji kuugua homa ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, na mahali pake pakachukuliwa na rangi ya chakula. Hatari iliyompata mwigizaji huyo ilitoka katika kilichorushwa, wala haikutoka katika nguvu iliyokirusha, jambo ambalo mafundi wengi wa vifaa hivi hulisahau kwa kushughulishwa na mitungi na vali.

Hata hivyo mtungi ndio unaoua, na inafaa ueleweke vizuri. Shinikizo, yaani nguvu inayosukuma kila sehemu ya eneo la ukuta wa chombo, hupimwa katika karakana kwa bar, kipimo kinachokaribia shinikizo la hewa ya kawaida usawa wa bahari. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hewa hadi bar 8 kwenye geji, kiwango cha kawaida cha kompresa ndogo, hubeba nishati ya takriban jouli 10,000, ambayo inatosha kumnyanyua mtu wa kilo 70 hadi kimo cha mita 15. Mtungi huohuo ukijazwa maji pomoni bila kiputo cha hewa na kusukumwa hadi bar hizohizo 8, nishati yake haifiki jouli 2, kwa kuwa maji hayashindiliki ila kwa kiasi kidogo mno. Ukuta ukipasuka katika hali ya pili, maji huchuruzika na geji hushuka mara moja. Katika hali ya kwanza vipande vya mtungi huruka. Kinachopaswa kuogopwa basi ni ujazo wa hewa pamoja na shinikizo lake, na namba ya geji peke yake haisemi lolote kuhusu nishati iliyomo.

Kutokana na hilo huzaliwa jambo lisilotarajiwa. Kifaa ambacho hewa hukalia juu ya ute ndani ya chombo kimoja, kikiwa kimeunganishwa na kompresa muda wote, huanza onyesho kikiwa na hewa kidogo na ute mwingi; kadiri ute unavyotoka, hewa huchukua nafasi yake kwa shinikizo lilelile, hivyo mwisho wa onyesho, watu wanapodhani kazi imekwisha na kuanza kukikaribia, ndipo chombo kinapokuwa na nishati nyingi kuliko wakati wowote. Ndiyo maana mtungi mtupu ni wa hatari kuliko uliojaa, na ndiyo maana njia ya kutolea hewa yote iliyobaki, mbali na nozeli, ni kiungo cha lazima. Nozeli inaweza kuziba, na ikiziba, geji iliyofungwa upande usiofaa wa kizibo inaweza kusoma sifuri huku nyuma yake kukiwa na bar kadhaa.

Umbo la chombo lina uzito sawa na unene wake. Kifuniko cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20, ndani ya chombo chenye bar 4 tu, husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 1.2, kwa hiyo mtu anayelegeza nyuzi zake kabla hewa haijatoka huwa anafyatua kombora lililoelekezwa kwenye kidevu chake. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula ni baya zaidi, kwa sababu pande zake ni bapa na ubapa haustahimili shinikizo: upande wa sentimita 25 kwa 35 hubeba karibu kilo 900 kwa bar 1, na huvimba, kisha hupasuka kwenye mshono. Mitungi ya gesi ya friji au ya kupikia iliyotobolewa na kuchomelewa upya nayo haifai, kwani joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha karibu na mshono, na kutu ya ndani haionekani kwa nje. Kuhusu vyombo vilivyofungwa ambavyo gesi yake huzalishwa na mmenyuko wa kemikali au na barafu kavu, hakuna la kujadili: havina regyuleta, havina kikomo, na havipaswi kujengwa.

Mabomba ya plastiki ya PVC yanahitaji kutajwa kipekee, kwa kuwa ni rahisi, yanauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na namba ya shinikizo iliyochapwa ubavuni humfanya mnunuzi aamini kwamba yanafaa kwa hewa. Namba hiyo ni ya maji, tena ya maji baridi. PVC hupasuka kama kioo, vipande vyake ni vyenye ncha, na ni vigumu kuonekana kwa eksirei vinapoingia mwilini. Mamlaka ya Usalama Kazini ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 1988 dhidi ya kuyatumia kupitishia hewa iliyoshindiliwa juu ya ardhi. Joto huongeza tatizo: bomba lililopimwa kwa nyuzi 23 za Selsiasi hubaki na takriban asilimia 60 ya uwezo wake linapofika nyuzi 38, na asilimia 22 tu linapofika nyuzi 60. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeacha kifaa chake ndani ya gari lililoegeshwa juani ana bomba dhaifu kuliko alilonunua. Vilevile vichupa vidogo vya kaboni dioksidi ya majimaji, vinavyopendwa kwa udogo wake, huwa na bar 57 katika nyuzi 20, na huzidi bar 70 joto linapokaribia nyuzi 31.

Swali linalofuata ni shinikizo kiasi gani linahitajika kwa kweli, na jibu huwashangaza wengi. Bar 1 ingetosha kurusha maji wima hadi karibu mita 10 kama msuguano usingekuwapo. Onyesho ambalo mlengwa yuko mita 2 au 3 kutoka kwenye nozeli linahitaji sehemu ndogo tu ya bar hiyo, kiwango kinachoweza kupatikana kwa kuliweka tangi wazi juu ya jukwaa la mita 3. Pale fundi anapoona ute unatoka kwa kudondoka na kuamua kuongeza presha hadi bar 5 au 6, kinachomzuia ni msuguano ndani ya mpira mwembamba. Tabibu Mfaransa Jean Poiseuille, aliyechunguza mwendo wa vimiminika ndani ya mirija katika karne ya 19, alionyesha kwamba shinikizo likiongezwa mara mbili mtiririko huongezeka mara mbili, ilhali kipenyo kikiongezwa mara mbili mtiririko huongezeka mara 16. Kanuni hiyo ni ya vimiminika vya kawaida vinavyotiririka kwa utulivu, na ute si wa kawaida, lakini mwelekeo wake hautetereki: mpira wa milimita 25 badala ya milimita 12, wenye urefu wa mita 2 badala ya 10, huondoa haja ya kompresa katika kazi nyingi.

Ute nao una tabia zake, na hapa ndipo uzoefu wa mchanganyaji unapozidi wa fundi chuma. Mnato, yaani ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, haubaki mmoja katika vimiminika hivi. Ute wa watoto unaofanywa kwa gundi na boraksi una minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana. Kama mlenda, huvutika na kuning'inia, na ukilazimishwa kupita tundu dogo hukatika vipandevipande au hurudi nyuma. Haurushiki vizuri kwa shinikizo lolote la busara, na boraksi yenyewe huwasha ngozi na macho, tena Umoja wa Ulaya umeiweka katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi. Mchanganyiko mzito wa wanga wa mahindi na maji ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa sababu hukakamaa kadiri unavyosukumwa kwa kasi: hutiririka ukiwa umetulia ndani ya tangi, lakini kwenye shingo ya nozeli hugeuka kizibo, na shinikizo lote husalia nyuma yake likisubiri mtu aje kuchungulia.

Unaofaa ni ute wenye tabia iliyo kinyume, unaolainika ukisukumwa na kurudi uzito wake ukitulia, hivi kwamba hupita kwenye nozeli kwa urahisi kisha hung'ang'ania unapotua. Selulosi ya methili, unga unaotokana na nyuzi za mimea na kutumiwa katika vyakula na dawa, ndiyo iliyotumika kwa ute wa filamu ya Ghostbusters ya mwaka 1984, na bado inatumika sana. Unga huu una kioja chake: huyeyuka katika maji baridi na hukataa maji ya moto, kwa hiyo ukimwagwa moja kwa moja kwenye maji baridi hufanya madonge yenye unga mkavu ndani, na madonge hayo ndiyo yanayoziba nozeli. Mchanganyaji mzoefu huchemsha theluthi moja ya maji, hunyunyiza gramu 10 hadi 20 za unga kwa kila lita ya ujazo wa mwisho huku akikoroga mpaka kila chembe ilowe, ndipo huongeza maji baridi yaliyobaki na kuuacha mchanganyiko ulale usiku kucha. Asubuhi huuchuja kwa kitambaa au chujio la matundu madogo kuliko tundu la nozeli. Kuchuja huko hakugharimu chochote na huzuia ajali nyingi kuliko vali ya bei ghali.

Mahali ambapo hewa ni lazima, kifaa cha mkono cha kupulizia maua, chenye lita 5 na vali yake ya usalama ya kiwandani, ndicho chombo cha busara cha kuanzia, kwa kuwa hufanya kazi kwa bar 2 hadi 3 na kimeundwa kwa shinikizo tangu mwanzo. Sharti moja halina mjadala: kiwe kipya. Bomba lililowahi kupulizia dawa ya pamba, kahawa au nyanya halisafishiki kiasi cha kuelekezwa kwa mtu, hata likioshwa mara ngapi. Pampu ya diaframu ya volti 12, ambayo husukuma kimiminika kwa utando unaokwenda mbele na nyuma, huenda ni chaguo bora zaidi, kwani haihifadhi nishati ya kutajika na shinikizo hufa karibu papo hapo umeme unapokatwa.

Kifaa kinachotumia kompresa huhitaji vitu kwa mpangilio usiobadilishwa. Regyuleta, inayoshusha shinikizo la kompresa hadi lile la kazi, hutangulia, na vali ya usalama iliyowekwa kufunguka katika kiwango kisichozidi uwezo wa kiungo dhaifu kuliko vyote hukaa kwenye chombo chenyewe bila koki yoyote kati yake na chombo. Geji husoma ndani ya chombo, na koki ya kumwagia hewa yote hufikika kwa mtu aliyesimama kando. Kinachorusha ute kiwe kitufe au mkono wa springi unaojifunga wenyewe unapoachiwa, kwa sababu mtu aliyeshtuka huachia. Mpira ufungwe mnyororo mfupi au waya kwenye kila kiungo, maana mpira uliochomoka ukiwa na hewa hupiga huku na huku kwa nguvu ya kuvunja taya.

Unga mkavu usichukuliwe kuwa ndugu mpole wa ute. Tarehe 27 Juni 2015, katika bustani ya michezo ya Formosa Fun Coast nchini Taiwan, unga wa wanga wenye rangi uliopulizwa kwa gesi juu ya umati uliwaka moto. Watu 15 walifariki na mamia waliungua. Wanga ulio ndani ya mfuko hauwaki kwa urahisi, bali ukitawanywa hewani kila chembe huzungukwa na oksijeni yake, na taa ya jukwaa yenye joto kali au cheche inatosha kuliwasha wingu zima. Maji yaliyomo ndani ya ute ndiyo yanayouondolea hatari hiyo, hivyo pendekezo la kupuliza rangi kavu kwa hewa iliyoshindiliwa lastahili kukataliwa bila mashauriano, hasa ukumbini.

Kwa mwili wa mlengwa, jicho ndilo lenye madai makubwa. Mkondo kutoka nozeli ya milimita 10 kwa bar 1 husukuma kwa nguvu ya kilo moja na nusu hivi, kiasi ambacho kifua hakijali lakini mboni ya jicho haivumilii, na ndiyo sababu nozeli hulengwa kifuani au begani na ute huachwa upande wenyewe usoni. Hewa tupu inayofuata ute unapokwisha huwa na kasi kubwa zaidi kuliko ute. Kanuni za kazi za Marekani huweka kikomo cha takriban bar 2 hata kwa hewa ya kusafishia mashine, na hewa ya bar 7 yaweza kupenya ngozi. Nozeli nyembamba yenye presha kubwa hufanya pia ukungu wa matone madogo yanayoingia mapafuni, jambo baya kwa wenye pumu, na baya kwa kila mtu ikiwa maji yamekaa tangini kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, ambamo bakteria wa legionela huzaliana. Kumwaga kutoka juu nako si salama kwa vile tu hakuna mtungi, kwa maana lita 20 zinazoanguka pamoja kutoka mita 2 ni kilo 20 zinazofika shingoni kwa kasi ya zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Ndoo pana inayomimina taratibu hupendeza zaidi kwenye kamera pia.

Sheria husaidia kidogo. Kanuni za mitungi ya shinikizo nyingi duniani zilizaliwa kutokana na maafa, kama mlipuko wa bwela wa kiwanda cha viatu cha Grover huko Brockton, Massachusetts, mwaka 1905, uliosukuma Marekani kuandika viwango vyake vya kwanza vya mabwela. Tanzania kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2007, huvitaka vyombo vya shinikizo mahali pa kazi vikaguliwe. Lakini chombo kidogo cha kikundi cha maigizo mara nyingi hukwepa ukaguzi kwa udogo wake. Hata Uingereza, ambako kanuni za mwaka 2000 zina mizani ya kuzidisha bar kwa lita na kikomo cha 250 kwa mpango rasmi wa ukaguzi, mtungi wa lita 10 wenye bar 8 hupata 80 tu, ingawa jouli zake 10,000 ziko palepale.

Kwa hiyo jaribio hubaki mikononi mwa mjenzi. Chombo hujazwa maji mpaka hewa yote itoke, huwekwa mahali pasipo na watu, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara 1.3 au 1.5 ya shinikizo la kazi na kuachwa kwa muda huku geji ikiangaliwa. Kikivuja au kikivimba, hutupwa bila kuzibwa. Jaribio la namna hiyo halifanywi kwa hewa hata siku moja. Jaribio la pili ni la ute wenyewe, likielekezwa kwenye ubao uliovalishwa shati, kwa umbali, pembe na joto vilevile vya onyesho. Wengi huliruka la tatu, ambalo ni la kifaa kilichotumika jana, kwani selulosi ya methili iliyobaki ndani ya nozeli hukauka na kuwa utando mgumu kama plastiki usioonekana kwa macho, na siku inayofuata hewa hukuta mlango umefungwa. Nozeli hufunguliwa baada ya hewa kutolewa, hulowekwa katika maji baridi, maana ya moto huugandisha ute huo badala ya kuuyeyusha, na chombo huachwa kikauke kifuniko kikiwa wazi.